Mgono wa Same: Waya Mwembamba na Waya Mnene

Siku mliponiaga nikistaafu pale karakana, mmoja wenu aliniuliza kwa nini milingoti ya zamani ya redio ya Same ilikuwa imebeba kitu kama kikapu kirefu badala ya waya mmoja. Nilimjibu nusunusu kwa sababu sahani ya pilau ilikuwa mbele yangu. Leo sina sahani, nina nafasi, na mke wangu ameniambia nikae nje nisimsumbue. Basi nawaandikia jibu zima.

Nilianza kazi miaka michache baada ya vita kuu ya pili, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi. Nilitoka Shighatini na cheti changu cha shule ya misheni, nikidhani nitapewa kalamu na meza. Nilipelekwa kwenye kibanda cha mabati juu ya kilima kidogo nje ya mji wa Same, penye milingoti miwili na upepo usiokwisha. Pale nilimkuta mtu mfupi, amevaa koti la jeshi lililofifia, akinoa kisu juu ya jiwe. Huyo alikuwa fundi Zakayo Mrutu. Wakati wa vita alikuwa mpeleka habari wa redio jeshini, akafika hadi Burma, akarudi na vidole vyake vyote kumi. Jambo hilo la vidole alilitaja mara nyingi, kama ushahidi wa ufundi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaweza kupanda mlingoti?"

"Mimi nimekulia Ugweno, mzee."

"Sikukuuliza ulikokulia."

Nikapanda. Nikashuka. Alinipa gombo la waya wa shaba akaniambia niunyooshe. Yeye alikuwa Mpare wa kusini, lugha yake Chasu. Mimi lugha yangu Kigweno. Kwa hiyo miaka yote tuligombana na kupatana kwa Kiswahili, na labda ndiyo sababu tulipatana zaidi ya tulivyogombana.

Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa kufunga waya kwenye mti, kuuvuta kwa kapi, kuupima, kuuacha juani, kisha kuupima tena. Waya mwembamba laini ulikuwa umerefuka. Nikaona ni kidogo tu, kama upana wa kidole.

"Kidole ni kidogo kwako," alisema Zakayo. "Eriali inakisikia. Urefu wa waya ndio unaoamua utalia kwa sauti ipi. Ukirefuka, sauti inashuka. Mwenzako wa upande wa pili atakaa kukusubiri mahali ambapo hupo tena."

Mwenzetu wa upande wa pili alikuwa Nesi Nakundwa, wa zahanati ya Maore. Maore iko tambarare, chini ya Gonja, upande wa pili wa milima. Kutoka Same mtu alizunguka milima kwa lori, na mvua za masika zikikata barabara alikaa alipo. Kwa sababu hiyo zahanati ile ilipewa mtambo wa redio mdogo. Wageni walituuliza mawimbi yanapitaje mlimani. Hayapiti mlimani. Yanakwenda juu angani, yanagonga tabaka lililo huko, yanarudi chini upande wa pili, kama mpira uliorushwa kupita juu ya paa.

Tulikuwa na masafa mawili tu tuliyoruhusiwa: ya kwanza, na ya akiba. Hayakuwa mbali sana, lakini hayakuwa jirani pia. Asubuhi masafa ya kwanza yalikuwa safi. Kuanzia saa kumi alasiri, jua likielekea kushuka, vituo vya nchi za mbali vilianza kuingia na kutufunika, nyimbo na hotuba za lugha ambazo hakuna aliyezijua. Hapo ndipo masafa ya akiba yalipotakiwa. Na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Eriali yetu ilikuwa waya mmoja mwembamba, uliokatwa kwa ajili ya masafa ya kwanza. Kwenye masafa hayo mtambo ulifanya kazi kwa raha. Ukibadili kristali, kile kijiwe kinachoamua masafa ya mtambo, kwenda masafa ya akiba, waya ulikataa. Mshale wa mita ulianguka, valvu kubwa ya mwisho, ile chupa ya kioo inayoyapa mawimbi nguvu, ilianza kuwa nyekundu kama kaa la moto, maana nguvu isiyopokelewa na waya ilirudi kuipika yenyewe. Kifaa cha kusawazisha mambo hayo kilikuwa kimeagizwa. Katika miaka yangu yote pale Same, kiliendelea kuwa kimeagizwa.

Njia iliyobaki ilikuwa kuteremsha eriali, kuifupisha au kuiongezea kipande, kuipandisha tena. Kazi ya nusu saa kwa watu wawili wenye haraka. Na Maore walipaswa kufanya hivyohivyo wakati uleule.

Mwaka wa pili wa kazi yangu, alasiri moja mwanzoni mwa masika, Nesi Nakundwa alituita kabla ya zamu yake. Sauti yake ilikuwa ya haraka.

"Same, Same, hapa Maore. Nina mtoto wa miaka saba, Samweli. Ameng'atwa na nyoka shambani, mguu umevimba hadi kwenye paja. Namtaka Daktari. Nataka dawa ya sumu, na lori litoke sasa hivi kabla mto haujajaa. Nyoka mwenyewe..."

Hapo muziki wa ugenini ukamfunika. Nikaita. Nikaita tena. Nikamsikia kama mtu aliye ndani ya pipa, akisema tuhamie masafa ya akiba. Nikabadili kristali. Valvu ikawaka nyekundu. Zakayo akapiga kelele, "Zima! Utaiua!" akakimbilia kwenye kamba za mlingoti. Tuliteremsha eriali mvua ikitupiga, tukakata, tukapandisha. Tulipoita hatukupata jibu. Baadaye tulijua kwamba Nakundwa alikuwa peke yake, hakuwa na wa kumsaidia kuteremsha yake, naye hakuweza kumwacha mtoto.

Lori lilitoka hata hivyo. Daktari wa Same alisema maneno tuliyosikia yalimtosha kubahatisha. Lilifika mtoni maji yakiwa yamepita juu ya daraja. Asubuhi, masafa ya kwanza yaliporudi kuwa safi, Nesi Nakundwa alituambia kwamba Samweli alifariki kabla ya alfajiri.

Niliandika habari hiyo kwenye daftari la kituo. Kisha nikakaa nje nyuma ya kibanda. Daktari, Mhindi mzaliwa wa Tanga ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, alikuja akasimama karibu yangu. Alisema hata lori lingefika, huenda dawa isingesaidia, kwa kuwa hakujua ni nyoka gani. Nilimshukuru. Lakini neno "huenda" lilikaa nami muda mrefu.

Zakayo hakulia na hakunifariji. Siku ya nne alichora kitu mavumbini kwa kijiti: mstari mrefu mnene, umechongoka ncha zote mbili.

"Niliwahi kuona hiki vitani, bandarini, kwenye kituo kikubwa," alisema. "Nyaya nyingi zimezungushwa kwenye pete, zinakwenda pamoja kama mgono wa kuvulia samaki. Nilimuuliza sajini wetu kwa nini wanapoteza shaba kiasi kile. Akaniambia, ule ni waya mmoja mnene, ila ndani hauna kitu. Kituo kile kilihama masafa kutwa nzima, na sikuwahi kuona mtu akiteremsha eriali."

"Waya mnene unapeleka sauti mbali zaidi?" niliuliza.

"Hapana. Hilo kila mgeni hulidhani. Umbali ni uleule, au kasoro kidogo sana. Sikiliza. Waya mwembamba ni kama kengele. Ukiigonga inalia muda mrefu, lakini kwa sauti yake moja tu. Ukiitaka sauti nyingine haikupi. Waya mnene ni kama ngoma. Hailii muda mrefu, lakini inakubali mikono mingi."

Nimesoma vitabu vingi vya ufundi tangu siku ile, vyenye herufi za Kiyunani na michoro ya kutisha. Vyote vinasema hilohilo, ila kwa kurasa nyingi zaidi.

Mhandisi wetu, Mwingereza kijana aliyekuja kutoka Moshi mara moja kila mwezi, alisikiliza maelezo ya Zakayo akiwa amesimama. Kisha akakaa chini, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akatoa karatasi, akapiga hesabu, akakuna kichwa.

"Zakayo, hii itafanya kazi," alisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Shaba ninayo. Pete sina. Nikiomba pete, watajibu mwakani."

"Pete tutatafuta sisi, Bwana," alisema Zakayo, akanitazama mimi.

Nilijua anachotaka. Shangazi yangu kule Shighatini alikuwa msukaji wa nyungo, na hakuna kitu cha duara kilicho chepesi na imara kama ukingo wa ungo. Nilipanda nyumbani Jumamosi. Nilimkuta shangazi barazani, mafungu ya ukindu yamemzunguka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko Same hamli?"

"Tunakula. Shangazi, nahitaji nyungo kumi na mbili. Lakini nataka ukingo tu, bila kitako."

Aliweka kazi yake chini. "Ungo bila kitako? Utapepeta nini, upepo?"

Nilimweleza habari za eriali, akanisikiliza kwa subira kubwa, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa. Kisha nikamweleza habari za Samweli. Akaniuliza mama wa mtoto ni wa ukoo gani. Sikujua. Wiki iliyofuata nyungo zake kumi na mbili zisizo na kitako zilishuka Same juu ya kichwa cha binti yake, zimefungwa pamoja kama mkufu mkubwa, zote za kipimo kimoja. Zakayo alizipima moja moja, akatafuta kosa, hakupata. Tulizichovya kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa ili mvua isizioze.

Sasa nawaeleza mlio vijana kazi yenyewe, maana huenda siku moja mkaihitaji. Nyaya nne, za urefu mmoja kabisa, zinapita juu ya pete kwa nafasi sawa. Kila zinapogusa pete zinafungwa kwa uzi wa shaba ili zisiteleze. Kwenye ncha zote zinakusanywa pamoja na kulehemiwa. Usilehemu penye upepo. Tulifanya hivyo, ikatubidi kurudia. Ukizinyanyua, uzito unavuta mara nne ya ule wa waya mmoja, kwa hiyo mlingoti uongezewe kamba. Sisi tulitumia kamba za mkonge, na kamba za mkonge hukaza zikilowa na kulegea zikikauka, kwa hiyo mvua ikianza mtu akazilegeze.

Tuliipandisha adhuhuri. Wachungaji waliokuwa wakipita na mbuzi walisimama kutazama. Mmoja wao, mwenyeji wa Kwakoa karibu na Ziwa Jipe, aliuliza serikali inatarajia kuvua samaki gani angani. Tangu siku ile mji mzima wa Same uliiita eriali yetu "mgono wa serikali".

Nikawasha mtambo kwa masafa ya kwanza. Mshale wa mita ukaanguka. Valvu ikaanza kuwa nyekundu.

Nilizima. Mhandisi alikuwa amesimama nyuma yangu, na sikutaka kugeuka. Tulikuwa tumetumia nusu ya shaba yote ya mwaka. Zakayo alitoka nje, akazunguka milingoti mara mbili mikono nyuma. Kisha akarudi.

"Tumeikata urefu gani?"

"Uleule wa waya mwembamba, mzee. Nilipima mwenyewe."

"Ndilo kosa letu." Akapiga paji la uso wake. "Hicho si kitu kilekile tena. Kikinenepa, kinajiona kirefu kuliko kilivyo."

Mhandisi alifungua karatasi yake, akatazama hesabu, uso ukamwiva. "Nilipaswa kuliona," alisema. "Ncha za kitu kinene hushika umeme zaidi. Lazima kiwe kifupi." Sijawasikia wazungu wengi wa zama zile wakitamka maneno "nilipaswa kuliona" mbele ya watu waliowaajiri, na ndiyo maana nayakumbuka.

Tukaiteremsha, tukafupisha dhiraa moja kila upande, tukaipandisha tena. Mshale ukapanda ukasimama. Nikabadili kristali kwenda masafa ya akiba, mkono wangu wa kushoto uko tayari kwenye swichi ya kuzima. Mshale ukashuka kidogo, kisha ukatulia mahali pazuri. Valvu ilibaki nyeusi. Nikarudi masafa ya kwanza. Nikaenda akiba. Nilibadili mara sita au saba kama mtoto anayechezea mlango, hadi Mhandisi akacheka akaniambia, "Inatosha, Eliamani." Kwenye daftari la kituo aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba eriali hii imetengenezwa na Zakayo Mrutu na Eliamani. Jina la shangazi hakuliandika. Nililiongeza mimi chini yake, kwa penseli.

Mwezi uliofuata barabara ilikuwa imekauka, tukaenda Maore na mgono wa pili juu ya lori. Nesi Nakundwa alitupokea kwa uji. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa maneno, kutoka familia ya Kilutheri ya milima ya kusini, na alituonyesha kaburi la Samweli bila sisi kumwomba. Tulifunga eriali yake kwa siku mbili. Safari hii tuliikata fupi tangu mwanzo.

Masika yaliyofuata yalikuja na nguvu. Mto ulikata barabara tena. Siku moja, saa kumi na nusu alasiri, nilikuwa zamu Nakundwa alipoita. Mwanamke amejifungua salama, mtoto yuko hai, lakini damu ya mama haikomi. Nilimtuma mlinzi mbio kumwita Daktari. Alifika na shati limetoka nje, akachukua maikrofoni.

"Nesi, kondo la nyuma limetoka?"

"Limetoka lote, Daktari. Nimelikagua. Lakini damu..."

Muziki wa ugenini ukaingia. Ulikuwa ni uleule, au ndugu yake. Nikasema kwa sauti kubwa, "Maore, nenda akiba. Akiba, akiba," nikabadili kristali. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne.

"Same, hapa Maore, nawapata vizuri."

Sauti yake ilikuwa karibu kama mtu wa chumba cha pili. Daktari hakujua kilichotokea, na hakuhitaji kujua. Aliendelea kusema kwa utulivu, neno kwa neno.

"Mtoe mkojo kwanza, kibofu kisizuie. Mweke mtoto kwenye titi anyonye. Kisha weka mkono juu ya tumbo, chini ya kitovu, usugue kwa nguvu hadi uhisi mji wa mimba umekuwa mgumu kama mpira. Usiache kusugua. Una ile sindano ya kukaza mji wa mimba?"

"Ninayo moja."

"Mchome. Niambie saa."

Tulikaa naye hivyo hadi jua lilipogusa tambarare. Mara mbili masafa ya akiba nayo yalichafuka, mara mbili tulirudi ya kwanza na tukamkuta. Zakayo alikuwa amekaa mlangoni, macho yake kwenye kamba za mkonge, maana mvua ilikuwa imeanza. Alitoka peke yake kuzilegeza.

"Daktari," alisema Nakundwa mwishoni, "mji wa mimba umekaza. Damu inakoma. Mama ameniomba chai."

Daktari aliweka maikrofoni chini, akafuta uso kwa mkia wa shati lake. "Mpe chai," alisema, lakini kitufe alikuwa amekwisha kukiachia. Nikarudia mimi: "Daktari anasema mpe chai. Weka sukari nyingi."

Mnaonisoma mmefanya kazi na mitambo myepesi isiyo na valvu, na vifaa vyenu hujisawazisha vyenyewe. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mkiona waya mwembamba umefungwa mahali panapohitaji kuhama masafa kwa haraka, msipite bila kuuliza. Na mkiunenepesha, ufupisheni.

Barabara ilipofunguka, Nesi Nakundwa alikuja Same kuchukua dawa. Alipanda kilimani kwetu na furushi kichwani, akamwamkia Zakayo, akauliza kama ule ndio mgono tunaomsikia nao. Akautazama muda mrefu. Kisha akatua furushi. Lilikuwa na mchele mpya wa Maore, kama vibaba sita.

"Asante sana, Nesi," nilisema. "Lakini hukupaswa kujisumbua."

"Si wangu," alijibu. "Ametuma mama yake Samweli. Aliuliza kwa nini redio sasa haikatiki alasiri, nikamweleza mlifanya nini, na kwa nini. Akasema, waambie mafundi waule mchele huu, wasikae na deni la mwanangu ambalo mimi sikuwaandikia."

Zakayo aliingia ndani akachukua sufuria, akawasha moto nyuma ya kibanda, akapika yeye mwenyewe, jambo ambalo sikupata kuliona kabla wala baada. Tulikaa wote chini: Nakundwa, Daktari aliyekuwa amekuja kumsalimu, mlinzi, Zakayo na mimi. Zakayo akavua kofia, akamtaja Samweli kwa jina, akashukuru kwa chakula. Tukala wote katika sinia moja, hadi ukoko.